Sitara ya Wanawake wa Vamizi

Katika kisiwa cha Vamizi, kaskazini mwa mkoa wa Cabo Delgado, Msumbiji, ambako Wamwani wameshika Uislamu tangu karne nyingi, mwanamke ashukaye pwani maji yakupwapo, kwenda kutafuta pweza na chaza, hujifunga kapulana moja, nguo mfano wa kanga, kiunoni, akajitanda ya pili kichwani na mabegani, na usoni akajipaka msiro, ile dawa nyeupe ya mti uliosagwa kwa maji juu ya jiwe.

Je, hiyo ni sitara? Sura ya An-Nur, aya ya 30, yaanza kwa kuwaamrisha wanaume wainamishe macho yao, jambo ambalo wakemeaji wengi hulisahau, ndipo aya ya 31 iwaamrishapo wanawake vivyo hivyo, na kuteremsha shungi zao hadi vifuani; wala haikutaja rangi, wala mshono, wala nchi itokayo nguo. Wanavyuoni wengi husema mwili wote usitiriwe, isipokuwa uso na viganja, kwa nguo isiyobana wala isiyoangaza.

Basi wanaomlaumu mama wa Kimwani kwa kukosa buibui na wawe na insafu: kapulana pana, ikitandwa vyema, yatimiza sharti.