Kutoka Mtaani Hadi Karakanani: Vijana, Uanagenzi na Lugha ya Cheti

Suala la vijana wanaoachwa nje ya shule na nje ya ajira si geni nchini Kenya. Mwaka 1966, miaka mitatu tu baada ya uhuru, baraza la makanisa ya Kikristo nchini lilitoa ripoti iliyouliza swali moja: baada ya shule, nini? Ripoti hiyo iliwahusu watoto waliomaliza shule ya msingi na kukosa nafasi katika shule ya upili. Jibu lililopendekezwa lilikuwa vyuo vidogo vya ufundi vijijini, ambako kijana angejifunza useremala, uashi au ushonaji karibu na kwao na kwa gharama nafuu. Vyuo hivyo vilienea, vikachukuliwa na serikali, na Katiba ya mwaka 2010 ikaviweka chini ya kaunti. Katiba iyo hiyo, katika Ibara ya 55, inaitaka dola ichukue hatua kuhakikisha kwamba vijana wanapata elimu, mafunzo na ajira.

Kwa hiyo sheria ipo na vyuo vipo. Linalostahili kuchunguzwa ni kwa nini kijana anayevihitaji zaidi ndiye aghalabu asiyefika mlangoni. Makala haya yanashikilia kwamba tatizo kubwa limo katika kivuko, yaani ule mwendo mfupi kati ya mtaa na karakana, na kwamba sehemu moja ya kivuko hicho ni lugha.

Chukua mfano wa kijana aliyelelewa katika makao ya watoto. Kisheria, mtoto ni mtu aliye chini ya umri wa miaka 18. Siku anapoutimiza umri huo, yule aliyekuwa na kitanda, sahani na mlezi anahesabiwa kuwa mtu mzima. Mwenzake anayeishi na wazazi huendelea kula kwao hata akiwa na miaka 25, wala hakuna anayeshangaa. Huyu anatarajiwa kujitegemea papo hapo. Akitaka kujiunga na chuo ataulizwa kitambulisho. Akienda kuomba kitambulisho ataulizwa cheti cha kuzaliwa na stakabadhi za wazazi. Ikiwa wazazi walifariki zamani au hawajulikani, atatumwa kwa chifu, arudishwe, kisha atumwe tena. Kila safari ina nauli yake. Muhula huanza na kumalizika akiwa bado anafuatilia karatasi. Mtu mzima mmoja anayejua ofisi zilipo na aliye tayari kuandamana naye anaweza kumfaa kuliko mabango mengi ya uhamasisho.

Hali ya msichana aliyejifungua akiwa shuleni inafanana na hiyo, japo kikwazo ni kingine. Sera ya kumruhusu arudi darasani imekuwapo tangu mwaka 1994, na mwongozo mpya ulitolewa mwaka 2020. Ruhusa anayo. Asichokuwa nacho ni mtu wa kumshikia mtoto kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni. Chuo chenye chumba cha watoto na mlezi mmoja humwondolea kizuizi ambacho sera peke yake haiwezi kukiondoa.

Kuna pia wale ambao jamii imewapa jina hata kabla ya kuwauliza majina yao. Neno chokoraa limetokana na kitenzi kuchokora, kupekua kwa kidole au kijiti, na lilipachikwa watoto waliopekua majaa ya taka. Mwaka 2003, serikali mpya ya NARC iliwaondoa vijana wengi katika barabara za Nairobi, na baadhi yao wakapelekwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa, maarufu NYS, kupata mafunzo ya ufundi. Mpango huo ulionyesha kwamba kijana wa mtaani anaweza kufundishika sawa na mwingine yeyote. Hata hivyo, kufuzu ni jambo moja na kuajiriwa ni jingine. Mwajiri anayeogopa jina la zamani haoni stadi mpya.

Wakati huohuo, ipo shule nyingine ambayo haikungoja ripoti wala sera. Hii ni shule ya uanagenzi. Katika mwambao, uundaji wa vyombo vya bahari kijijini Matondoni na uchongaji wa milango ya Lamu umerithishwa kwa njia hii kizazi baada ya kizazi. Bara, shule hii ilihamia chini ya jua. Jina jua kali lenyewe ni kumbukumbu ya mafundi waliofanya kazi bila paa. Ukipita Kamukunji jijini Nairobi utasikia mabati yakifuliwa kuwa masanduku, majiko na makarai. Gikomba utawakuta maseremala. Hapo mwanagenzi huanza kwa kufagia, kuchukua maji na kushika upande wa pili wa ubao. Hatimaye hukabidhiwa randa. Hafanyi mtihani, ila kazi ikiharibika ataiona imeharibika, na mteja ataikataa mbele yake.

Shule hii isitukuzwe kupita kiasi. Muda wa mafunzo haujulikani. Fundi anaweza kumweka mwanagenzi miaka mitatu kwa kazi ya mwaka mmoja kwa sababu mikono yake ni ya bure. Mara nyingi hakuna miwani ya kukinga macho wakati wa kuchomelea vyuma. Wasichana hukaribishwa kwa shingo upande. Hata hivyo, ndiyo shule inayompokea kijana asiye na kitambulisho, asiye na alama na asiye na karo ya muhula, tena ndiyo shule inayofundisha kwa Kiswahili tangu siku ya kwanza.

Suala hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Msamiati wa karakana ya Kiswahili ni mpana na wa miaka mingi: msumeno, patasi, tindo, jiriwa, koleo, fuawe, timazi, pimamaji, mwiko. Maneno ya kukopa kama spana yamekwisha kuwa wenyeji. Fundi mwashi atamwambia mwanagenzi achanganye karai moja ya saruji na karai nne za mchanga, na mwanagenzi atafanya hivyo bila kukosea. Mitaala na vitabu vingi vya ufundi nchini vimeandikwa kwa Kiingereza. Kijana yuleyule akiketi mbele ya karatasi inayomuuliza uwiano wa moja kwa nne kwa lugha aliyoiacha darasa la sita, anaweza kushindwa kujibu kile ambacho amekijenga ukutani mara mia. Kinachopimwa hapo si uashi tena.

Cheti kina uzito, na ni vyema hilo likubaliwe. Kampuni ya ujenzi haiwezi kwenda Kamukunji kuuliza nani anajua kazi. Ndiyo maana majaribio ya ufundi yanayosimamiwa na mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, yenye gredi ya tatu, ya pili na ya kwanza, yana thamani kwa vijana wa jua kali. Sheria ya mwaka 2014 kuhusu mfumo wa kitaifa wa sifa za kitaaluma nayo ilifungua njia ya kutambua maarifa ambayo mtu ameyapata nje ya darasa. Ni njia ya haki. Lakini kumtambua fundi kunahitaji kumsikiliza akieleza kazi yake, na atajieleza vyema zaidi kwa lugha aliyofundishiwa kazi hiyo. Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Urasmi huo haujashuka bado hadi kwenye benchi la seremala.

Wanafunzi wa Kiswahili wamezoea kusikia kwamba lugha hii haina istilahi za sayansi na ufundi. Wanaosema hivyo husahau kwamba Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Istilahi za karakana hazihitaji hata kubuniwa. Zinahitaji kukusanywa, kulinganishwa na kuchapishwa. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayetafuta mada ya utafiti anaweza kukaa wiki mbili Kariobangi na daftari, aandike kila kifaa na kila kitendo kama kinavyotajwa na mafundi, kisha aweke kando yake neno linalotumiwa katika mtaala wa Kiingereza. Daftari hilo likipigwa chapa na kufikishwa kwa walimu wa vyuo vya ufundi katika kaunti, kijana aliyetoka chini ya jua kali ataingia darasani akikuta kwamba nusu ya somo anaijua tayari.