Fremu Ndefu kwa Mguu Mfupi

Baiskeli nyeusi aina ya Phoenix, ile iliyobeba mikungu ya ndizi, madumu ya maji na abiria wa kila namna Afrika Mashariki, ina umbo lililobuniwa Uingereza zaidi ya miaka 100 iliyopita. Magurudumu yake ni ya inchi 28. Fremu zake zinazoonekana zaidi ni za inchi 22 na 24. Umbo hilo lilimlenga mwanamume mrefu, lakini limeuzwa kwa kila mtu, wakiwemo wanawake wa Tanzania na Kenya ambao wengi wao hawafiki kimo cha sentimita 160.

Hesabu yake si ngumu. Mtu mzima wa sentimita 152 huwa na mguu wa kama sentimita 70, ukipimwa kwa ndani kutoka kisiginoni hadi mapaja yanapokutana. Apande fremu ya inchi 24. Kutoka katikati ya ekseli inayozungusha pedali hadi ncha ya bomba la siti ni sentimita 61. Ongeza siti yenyewe na vyuma vyake: hata ikishindiliwa chini kabisa, haishuki sana chini ya sentimita 67. Mguu wake unahitaji 62. Na bado kuna bomba la juu, ambalo liko zaidi ya sentimita 80 kutoka ardhini. Daladala ikifunga breki mbele yake, hawezi kusimama wima juu ya baiskeli. Lazima ailaze upande, na mzigo ukiwa nyuma, mara nyingi yeye na baiskeli huanguka.

Ile 62 imetoka kwa Cyrille Guimard, kocha Mfaransa wa mbio za baiskeli, na ikasambazwa na mwanafunzi wake Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Kanuni yao ni kuzidisha urefu wa mguu kwa 0.883. Kupima hakuhitaji fundi. Mtu huvua viatu, huegemeza mgongo ukutani, hubana kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja na kukipandisha mpaka kikaze kama siti inavyokaza, kisha mwenzake hutia alama ukutani usawa wa ukingo wa juu wa kitabu. Kutoka sakafuni hadi kwenye alama ndio urefu wa mguu.

Asiye na futi kamba atumie kisigino. Akae kwenye siti, aweke kisigino juu ya pedali ikiwa chini kabisa: mguu unyooke bila nyonga kuinama upande. Akihamishia pedali kwenye unyayo wa mbele, goti litabaki limekunjika kidogo, nyuzi 25 hadi 35, na hapo ndipo misuli ya paja inapofanya kazi vizuri. Wengi huteremsha siti kupita hapo ili nyayo zote mbili zikanyage chini wakiwa wamekaa. Hofu ya kuanguka inaeleweka, lakini goti ndilo linaloilipia, kwa maumivu ya mbele, juu ya kifuniko chake. Anayesimama anapaswa kuteleza mbele, atoke kwenye siti, akanyage chini.

Kushusha siti, hata hivyo, hakumalizi tatizo, na hapa ndipo watengenezaji wengi hukosea. Kiwanda kinapopunguza fremu, mara nyingi huacha vitu viwili vilevile: magurudumu na mikono ya chuma inayoshika pedali. Mkono wa kawaida una milimita 170, kwa hiyo pedali hupanda na kushuka sentimita 34. Kwa mguu wa sentimita 70 hiyo ni karibu nusu yake, na goti hulazimika kupanda juu mno kila mzunguko. Je, mkono mfupi hupunguza nguvu? Mwaka 2001 watafiti wa Marekani, Martin na Spirduso, waliwajaribu waendeshaji kwa mikono ya kuanzia milimita 120 hadi 220. Nguvu ya juu kabisa ilitofautiana kwa asilimia 4 tu hivi, na kati ya 145 na 170 hakukuwa na tofauti ya maana. Mtu mfupi hapotezi kitu akifungiwa mikono ya 155 au 160.

Gurudumu nalo lina ubishi wake. Fremu ikifupishwa na gurudumu kubwa likaachwa, tairi la mbele husogea karibu na pedali, na kwenye kona kali ncha ya kiatu hugonga tairi. Mhandisi Georgena Terry wa jimbo la New York alilitatua hilo kwa ujasiri. Katika kampuni aliyoianzisha mwaka 1985 alitengeneza baiskeli za wanawake wafupi zenye gurudumu dogo la inchi 24 mbele na la kawaida nyuma. Usukani ukakaribia, kiatu kikapata nafasi. Na ufupi haumzuii mtu kwenda kasi: mwendesha baiskeli Emma Pooley wa Uingereza, mwenye kimo cha sentimita 157, alitwaa medali ya fedha ya Olimpiki huko Beijing mwaka 2008.

Kwa barabara zetu za vumbi na mashimo, gurudumu dogo sana hutingisha mno. La inchi 26 linatosha, na ndilo lililo kwenye baiskeli nyingi za kike za mtumba kutoka Japani, ambazo bomba lake la juu limeinamishwa chini. Mwanamume mfupi asione haya kuichukua. Fremu haijui jinsia.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipa, panda. Simama juu ya bomba la juu, zungusha pedali, kata kona huku ukitazama ncha ya kiatu, kunja viwiko uone kama usukani unafikika bila kunyoosha mgongo. Mwenye duka asiyekuruhusu kujaribu, mwache na baiskeli yake, uende duka la pili.