Kwa nini kampuni kubwa hununuana, na sisi wauzaji wa mtandaoni inatuhusu nini



Ukilipia tangazo Instagram, mteja akabonyeza akatua WhatsApp kwako kuuliza "bei gani?", hapo amepita kwenye biashara mbili ambazo zamani zilikuwa na wenyewe tofauti. Zote zilinunuliwa na Facebook, ambayo leo inaitwa Meta. Nimeona tuliongelee hili kwa sababu siku hizi hata sisi wadogo tunaletewa ofa za "nunua ukurasa wangu" au "njoo tuunganishe biashara".

Aprili 2012 Facebook walitangaza kuinunua Instagram kwa dola bilioni 1. Wafanyakazi walikuwa 13, watumiaji kama milioni 30. Mapato? Hakuna. Wengi walishangaa: bilioni nzima kwa programu ya kupendezesha picha!

Ila angalia kila upande ulikuwa na nini. Instagram walikuwa na watu, na watu hao walikuwa kwenye simu. Facebook walikuwa na mfumo mzima wa kuuza matangazo, seva, na wataalamu wa kupambana na akaunti feki, lakini kwenye simu walikuwa bado wanachechemea. Instagram kujenga mfumo kama ule peke yao ingewachukua miaka. Matangazo yakaanza kuonekana mwishoni mwa 2013, na 2015 mlango ukafunguliwa hadi kwa muuzaji mdogo.

Thamani inatoka hapo. Tuseme biashara moja ina thamani ya 10, nyingine 50, na zikikaa pamoja zinafika 75. Ile 15 ya ziada ndiyo inayotafutwa. Sasa mnunuzi akilipa 25 kwa kile chenye thamani ya 10, ziada yote kamwachia aliyeuza, na kazi ya kuunganisha inabaki kwake.

Kuna sababu nyingine ambayo kwenye matangazo huisikii: woga wa mshindani. Desemba 2020 tume ya Marekani inayosimamia ushindani iliishitaki Facebook kwamba ilinunua Instagram na WhatsApp ili kuzima wapinzani. Novemba 2025 jaji akaamua kuwa tume haikuthibitisha kwamba Meta inahodhi soko kwa sasa. Mahakama imesema yake. Mimi bado naona ununuzi wa woga humfaidi mnunuzi tu, maana kila mlango ukiwa wa mtu mmoja, bei ya tangazo unapangiwa.

Na si kila ununuzi unalipa. Nokia mnaikumbuka? Microsoft walikamilisha kununua biashara yake ya simu Aprili 2014, kwa zaidi ya dola bilioni 7. Julai 2015 wakatangaza kufuta dola bilioni 7.6 kwenye vitabu vyao, na maelfu ya watu wakapoteza kazi. Shida ni kwamba wote wawili walikuwa na pengo lilelile: wateja walishahamia Android na iPhone, na watengenezaji wa programu wakawafuata huko. Hakuna aliyekuwa na dawa ya mwenzake.

Turudi kwetu. Mtu anakuuzia ukurasa wenye wafuasi 40,000. Kwanza, masharti ya Instagram yanakataza kuuza au kununua akaunti, kwa hiyo inaweza kufungwa na hela yako imekwenda. Pili, kama wafuasi walikuja kwa vichekesho na wewe unauza sufuria, ile ziada iko wapi? Mimi sinunui.

Kuungana ni habari nyingine. Wewe unauza mapazia, mwenzako mashuka. Mteja ni yuleyule anayehamia nyumba mpya. Bodaboda anayepeleka mizigo miwili Mbagala kwa safari moja ya 6,000, badala ya mkatumia wawili wa 5,000 kila mmoja, amewaokolea 4,000. Ziada inaonekana kwa macho. Lakini kama ni boda tu, changieni boda, kila mtu abaki na biashara yake. Muungane pale tu ambapo kuna kitu hamwezi kukipata kwa kushirikiana, kwa mfano kuchukua mzigo mkubwa kwa bei ya jumla ambayo kila mmoja peke yake haifikii.

Kabla hamjachanganya hela, hesabuni mzigo mmoja mmoja. Uliolala miezi sita usiwekwe kwa bei ya dukani. Madeni yaandikwe, ya kudai na ya kudaiwa. Halafu hili watu wanalisahau sana: laini ya WhatsApp ya biashara imesajiliwa kwa jina la nani, na lipa namba je? Mkija kuachana, mwenye laini ndiye anayebaki na wateja, hata kama mtaji mwingi ulikuwa wako.

Kama una ofa mezani, weka hesabu zake kwenye komenti bila kutaja majina, tuzipige pamoja.