Sauti za Sinema ya Katuni

Ukisimama Mtaa wa Msimbazi, karibu na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, masikio hayapumziki. Basi la mwendokasi linapita. Msukuma mkokoteni anaomba njia. Upande wa Gerezani mafundi wanagonga mabati. Kelele hizo hazikupangwa na mtu. Zipo tu.

Sasa tuseme mchoraji anataka kuonyesha mtaa huo katika sinema ya katuni. Sinema ya katuni ni picha nyingi za kuchorwa. Picha hizo hupitishwa upesi sana mpaka macho yanaona zinatembea. Kwa kawaida picha 24 hupita katika sekunde moja. Sinema ya dakika 5 ina sekunde 300. Kwa hiyo picha 7,200 zitapita.

Lakini picha zote hizo ni bubu. Basi la kuchorwa halingurumi. Jogoo wa kuchorwa hawiki. Kila sauti lazima iwekwe na mtu.

Kutengeneza sauti

Tuchukue mfano. Katika sinema yetu, mama ananunua nazi sokoni. Punda anapita akivuta mzigo. Ghafla mvua inanyesha, na mama anakimbilia barazani.

Kwanza, mtengenezaji wa sauti huitazama sinema yote. Huandika orodha ya sauti zinazotakiwa, na mahali kila moja inapoanza na kuishia. Kisha hutafuta vifaa:

1. Mvua: mchele humwagwa polepole juu ya sinia. Baadaye mchele huo hupikwa.
2. Radi: bati jembamba hutikiswa.
3. Kwato za punda: vifuu viwili vya nazi hugongwa chini kwa zamu.
4. Mbio za mama: mtu hukanyaga changarawe, huku akiitazama picha.

Sauti hizi hunaswa katika chumba kisicho na kelele. Lakini kelele za sokoni hufuatwa sokoni kwenyewe. Sauti zilizonaswa nchi za mbali zinaweza kununuliwa. Hata hivyo, hazina mwito wa muuzaji wa Kariakoo. Mtoto wa Dar es Salaam atatambua mara moja kwamba hapo si kwao.

Muziki na hesabu

Muziki humwambia mtazamaji kama mama ana furaha au ana hofu. Lazima uende sawa na picha. Ngoma ikipigwa mapigo 120 kwa dakika, hayo ni mapigo 2 kwa sekunde. Basi kila picha 12 kuna pigo moja. Mchoraji akitaka mguu wa mama utue pamoja na ngoma, hupanga kila hatua ichukue picha 12. Hesabu ikikosewa, mguu utatua kwanza na ngoma italia baadaye.

Mwaka 1928 Walt Disney wa Marekani alionyesha sinema fupi ya katuni iitwayo Steamboat Willie. Muziki wake ulikwenda sawasawa na michoro, na watu waliipenda sana. Hapa kwetu, mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids, zilizotengenezwa Dar es Salaam, zilianza kuonyeshwa katika televisheni. Nyimbo zake huwafundisha watoto hesabu na sayansi.

Sauti ina mwenyewe

Tumeona kwamba kila sauti ya katuni ni kazi ya mtu. Kazi ina mwenyewe. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayolinda watunzi, waimbaji na wapigaji muziki. Ofisi inayoshughulikia mambo hayo ni COSOTA.

Siku moja mgeni anaweza kufika kijijini na kinasa sauti, akitaka ngoma yenu kwa sinema yake. Mkaribisheni. Lakini kabla ya kupiga ngoma, someni mapatano. Ngoma itatumika wapi? Kwa muda gani? Malipo ni kiasi gani, na yatalipwa lini? Usitie sahihi wala dole gumba katika karatasi usiyoielewa. Kusoma kwako ndiyo ngao yako.

Maswali

1. Kwa nini picha za katuni huitwa bubu?
2. Ngoma ikipigwa mapigo 60 kwa dakika, pigo moja huchukua picha ngapi?
3. Jadilianeni: ni sauti gani za kijiji chenu ambazo mgeni hawezi kuzipata kwingine?