Nani Analipia Muda wa Kusubiri?

Ukituma fedha kwa simu, ujumbe wa kuthibitisha huingia kabla hujairudisha simu mfukoni. Ukikosea tarakimu moja ya namba, fedha hizohizo zinaweza kuchukua siku kadhaa kurudi, na pengine zisirudi kabisa. Mtandao ni uleule na mitambo ni ileile. Kilichogeuka ni upande zinakotakiwa kwenda. Wateja wengi humtupia lawama mhudumu anayepokea simu: hajui kitu, anakariri kama kasuku, anakuzungusha huku salio la subira likiisha. Lawama hizo zinamwangukia mtu asiye na mamlaka. Mara nyingi mhudumu huyo hana ruhusa ya kufungua akaunti iliyofungwa wala kurudisha muamala. Kazi yake ni kupokea malalamiko na kuyapeleka kwa watu ambao mteja hatawasikia kamwe. Swali lenye maana ni jingine: mteja anaposubiri, nani anaingia hasara? Mara nyingi ni yeye peke yake, na hapo ndipo panapozaliwa uzito wote wa huduma kwa wateja.

PayPal inaonyesha vizuri jinsi mambo yalivyofika hapo. Kampuni ilipokuwa changa, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wezi wa mtandaoni waliivamia ikawa inapoteza mamilioni ya dola. Max Levchin, mmoja wa waanzilishi, na wenzake walitengeneza programu ya kunusa miamala yenye shaka, na ujuzi huo ulichangia sana kuiokoa. Kampuni za malipo duniani zilifuata njia hiyo: kwanza shuku, kisha uliza. Leo PayPal ikishuku akaunti, masharti yake yanairuhusu kushikilia fedha hadi siku 180. Idadi hiyo si ya kubahatisha. Mnunuzi naye ana siku 180 tangu alipolipa za kufungua shauri kwamba bidhaa haikufika au haikuwa ile aliyoahidiwa. Kampuni inabaki na fedha za muuzaji ili mnunuzi akidai, isilipe kutoka mfukoni mwake. Kwa hesabu za kampuni ni busara tupu. Lakini kuna Wakenya wanaoandika, kutafsiri na kuchora kwa ajili ya wateja wa ng'ambo, ambao tangu 2018 wanaweza kuhamisha malipo yao kutoka PayPal moja kwa moja hadi M-Pesa. Kwao siku 180 ni nusu mwaka wa kodi ya nyumba na karo. Hatari ya kampuni haikuondoka. Ilihamishiwa kwa mtu mwenye akiba ndogo kuliko wote.

Ukitaka kuona kampuni inayochukulia huduma kwa wateja kuwa gharama ya kukwepa, tazama Cash App, programu ya kutumiana fedha ya Marekani. Januari 2025 taasisi ya serikali inayolinda watumiaji wa huduma za fedha iliiamuru kampuni mama, Block, kuwalipa wateja hadi dola milioni 120, pamoja na faini ya dola milioni 55. Miongoni mwa iliyoyabaini ni kwamba kwa kipindi fulani kadi za Cash App zilikuwa na namba ya simu ya kuomba msaada. Aliyepiga alikutana na sauti iliyorekodiwa ikimwelekeza arudi kwenye programu ileile iliyomshinda. Pengo hilo likajazwa na matapeli waliojifanya wahudumu. Huku kwetu aina hiyo ya wizi haihitaji kuelezwa: simu inaita, mtu anajitambulisha kuwa anatoka huduma kwa wateja, anasema kuna fedha zimeingia kwako kimakosa. Na tukiri jambo moja: tapeli hupatikana mara moja, ni mpole, na haharakishi maelezo. Anaaminika kwa sababu anatoa huduma ambayo mteja ameikosa kwa kampuni yenyewe.

Kampuni zina utetezi, na sehemu yake ni kweli. Sheria za kupambana na utakatishaji fedha, ile ya Tanzania ya 2006 na ya Kenya ya 2009, haziruhusu mteja kudokezwa kwamba muamala wake umeripotiwa kwa mamlaka. Mhudumu anayejibu “ni kwa sababu za kiusalama” anaweza kuwa anatii sheria. Lakini katazo hilo linahusu taarifa za shaka ya uhalifu. Halimhusu aliyekosea namba, wala ambaye jina lake kwenye kitambulisho limeandikwa tofauti na lile la kwenye akaunti. Siri iliyowekwa kwa ajili ya wachache imegeuzwa jibu la wote, maana jibu moja ni rahisi kuliko kupekua kesi moja moja.

Wapo pia wateja wanaoamini kwamba fedha hushikiliwa ili kampuni ile riba. Kwa fedha za simu, hoja hiyo haina nguvu sana. Fedha za wateja hutunzwa benki katika akaunti za dhamana, na nchini Tanzania, Tigo Pesa ilianza mwaka 2014 kugawa riba ya akaunti hizo kwa wateja wenyewe. Njama si lazima iwepo. Kinachotosha ni kwamba kuchelewa hakuiumizi kampuni, na kisichoumiza hakipangiwi bajeti.

Dawa, basi, ni kufanya kuchelewa kuwe na bei. Marekani ilifanya hivyo kwa sheria ya 1978 ya uhamishaji wa fedha kwa njia za kielektroniki. Mteja akiripoti kosa, benki kwa kawaida ina siku 10 za kazi kuchunguza. Ikitaka muda zaidi, hadi siku 45, inampa kwanza mteja fedha hizo azitumie wakati yenyewe ikiendelea kutafuta ukweli. Uingereza ilikwenda mbali zaidi: tangu tarehe 7 Oktoba 2024, mtu aliyelaghaiwa akatuma fedha mwenyewe hurudishiwa hadi pauni 85,000, na mzigo unagawanywa nusu kwa nusu kati ya taasisi iliyotuma na iliyopokea. Nusu hiyo ya mpokeaji ndiyo yenye akili, kwa kuwa inamfanya aliyemfungulia tapeli akaunti awe na sababu ya kumchunguza. Wanaopinga husema wateja watazembea, au watadanganya ili walipwe mara mbili. Kwa hiyo sheria ya Uingereza inamnyima fidia aliyefanya uzembe mkubwa, na inaruhusu pauni 100 za mwanzo zikatwe.

Kampuni zetu zinaweza kubadilika haraka zikiona faida. Siku hizi jina la mpokeaji hutokea kabla muamala haujakamilika, na kupungua kwa simu za “nimekosea namba” ni nafuu kwa kampuni vilevile. Kilichobaki nyuma ni malalamiko yaliyokwisha kutokea. Kwa sasa mzigo huo unabebwa sana na wakala: mteja aliyekata tamaa na simu hurudi kwenye kibanda, na wakala huacha foleni ili amsomee ujumbe, amwelekeze, hata ampigie mtu wa kampuni anayemjua. Kamisheni yake hutokana na kuweka na kutoa fedha. Kwa nusu saa ile halipwi kitu. Benki Kuu zinazotoa leseni za huduma hizi zinaweza kuanzia hapo: kila shauri linalofikishwa kwa wakala lipewe namba na tarehe ya mwisho, wakala alipwe kwa kulipokea, na tarehe ikipita bila jibu, kampuni imlipe mteja kwa kila siku inayozidi.