Korasi: Sauti Moja Isikike kama Nyingi

Juma hili tunazungumzia korasi. Siyo kiitikio cha wimbo, bali kile kifaa ambacho wapiga magitaa na vinanda hukitumia kuipanua sauti.

Asili ya jina ni kwaya. Waimbaji ishirini wakiimba noti moja, hakuna wawili wanaolingana kabisa. Mmoja hutangulia kidogo, mwingine huchelewa. Huyu yuko juu kidogo, yule chini. Tofauti hizo ndizo zinazotufanya tusikie kundi, wala si mtu mmoja mwenye sauti kubwa.

Kifaa cha korasi huiga hali hiyo. Huchukua nakala ya sauti ya gitaa, huichelewesha kwa muda mfupi sana, kama sehemu 20 za elfu moja za sekunde, kisha huichanganya na sauti halisi. Muda huo hupungua na kuongezeka polepole. Unapopungua, nakala hupanda; unapoongezeka, hushuka. Ni kama honi ya basi: likija mlio huwa juu, likishakupita hushuka.

Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa amplifaya ya JC-120 yenye spika mbili. Korasi ikiwashwa, moja hutoa sauti halisi na nyingine nakala, zikachanganyika hewani. Mwaka 1976 kikafuata CE-1 cha Boss, kifaa cha kukanyaga kwa mguu.

Sasa tahadhari. Vifaa vingi vina swichi mbili za kuzungusha: kasi ya mtikisiko na ukubwa wake. Zote zikifikishwa mwisho, gitaa ambalo nyuzi zake zimekazwa sawasawa husikika kama limelegea, na besi hupoteza uzito. Tena korasi haitibu gitaa lililolegea kweli. Huzidisha ubaya wake.

Kwa vijana wanaolipia studio kwa saa, hili ni suala la fedha. Korasi ikisharekodiwa pamoja na gitaa haiondoleki. Itawabidi kupiga upya na kulipa upya. Ni afadhali kurekodi sauti kavu, korasi ikatiwa baadaye wakati wa kuchanganya, kidogo kidogo. Kisha izimeni na kusikiliza. Utamu ukipungua, ilikuwa na kazi. Lakini kama maneno ya mwimbaji ndiyo kwanza yanasikika, iacheni.

Tukutane tena juma lijalo.