Je, Wajua? Njia ya Kusoma Ng'ambo Inapita Ifakara

Mwanafunzi wa chuo anayekaa Ifakara huweza kudhani kwamba skolashipu za ng'ambo ni za watoto wa Dar es Salaam. Historia ya mji huu inasema vingine. Soma mambo haya kumi, kisha amua mwenyewe.

1. Ifakara ilijuana na Basel kabla Tanganyika haijawa na chuo kikuu

Mwaka 1949 mwanazoolojia wa Uswisi, Rudolf Geigy, alifika bonde la Kilombero, ambako wamisionari Wakapuchini kutoka nchini mwake walikuwa wakifanya kazi. Geigy ndiye aliyekuwa ameanzisha Taasisi ya Tropiki ya Uswisi mjini Basel mwaka 1943. Mwaka 1957 taasisi hiyo ilifungua maabara Ifakara, na maabara hiyo ndiyo iliyokua hatimaye ikawa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa bado hakijazaliwa.

2. Wakati huo, kusoma chuo kikuu kulimaanisha kuvuka mpaka

Chuo cha kwanza cha hadhi hiyo nchini kilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, kikiwa na wanafunzi wachache tu, wote wa sheria. Kabla ya hapo, kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu alitazama Makerere, Uganda, au alikwenda mbali zaidi. Julius Nyerere alipita njia zote mbili: alisoma Makerere, akafundisha Tabora, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland, alikohitimu shahada ya M.A. mwaka 1952. Tazama mpangilio huo: kusoma, kufanya kazi, kisha kuomba tena. Skolashipu nyingi za uzamili hadi leo zinamtafuta mtu wa namna hiyo.

3. Reli ya TAZARA ilipeleka wanafunzi Beijing

Reli inayopita Mang'ula, Ifakara na Mlimba haikujengwa kwa chuma na zege pekee. Mwaka 1972, ujenzi ukiwa unaendelea, vijana karibu 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa kusoma kazi za reli katika Chuo Kikuu cha Jiaotong cha Kaskazini, Beijing. Reli hiyo yenye urefu wa kilomita 1,860 ilihitaji wahandisi na mafundi wa kwao. Safari zile za masomo zilikuwa sehemu ya mradi, na kila aliyepanda ndege alijua kazi inayomsubiri nyumbani.

4. Wazungu nao huja kusoma Ifakara

Mwaka 1961 kilianzishwa Ifakara kituo cha kufundisha waganga wasaidizi, ambacho baadaye kilikua kuwa chuo cha mafunzo ya afya ya kimataifa, TTCIH. Kwa miaka mingi madaktari na wauguzi kutoka Ulaya wamekuja hapo kujifunza magonjwa ya nchi za joto na uendeshaji wa huduma za afya mahali penye vifaa vichache. Mwanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko anayezunguka wodini Ifakara anapata bure uzoefu ambao wenzake wa Ulaya wanaufuata kwa nauli ya ndege. Auandike kwenye maombi yake bila kuona haya.

5. Idete na Namawala ni majina yanayojulikana Geneva

Mapema miaka ya 1990 chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa Colombia, ilijaribiwa kwa watoto 586 wa kijiji cha Idete. Matokeo yalichapwa katika jarida la *The Lancet* mwaka 1994: kinga ilikuwa asilimia 31. Chanjo hiyo haikuendelea, lakini jaribio lile lilionyesha kwamba utafiti wa kiwango cha juu unaweza kufanyika kijijini Afrika. Aliyeliongoza, Mhispania Pedro Alonso, baadaye alikuja kuongoza mpango wa malaria wa Shirika la Afya Duniani mjini Geneva. Katika kijiji cha Namawala nako, watafiti walikuta kwamba kwa wastani kila mtu aliumwa na mbu wenye vimelea vya malaria zaidi ya mara 300 kwa mwaka. Takwimu hiyo imenukuliwa na wanasayansi duniani kote.

6. Unaweza kusajiliwa Ulaya huku utafiti wako uko Kilombero

Hivi ndivyo shahada nyingi za uzamivu za Ifakara zilivyopatikana. Mwanafunzi anasajiliwa Basel, Glasgow, London au Liverpool, anakwenda kwa vipindi kusoma na kuandika, na data anakusanya vijijini kwao akiwa na wasimamizi pande zote mbili. Hassan Mshinda alipata uzamivu wake Basel, akaiongoza taasisi ya Ifakara, kisha akawa Mkurugenzi Mkuu wa Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Fredros Okumu, mzaliwa wa Kenya aliyefanya kazi ya mbu Ifakara, alipata wake London na baadaye akawa profesa wa Chuo Kikuu cha Glasgow. Utafiti wa bonde hili umeonyesha pia kwamba *Anopheles funestus*, mbu anayeweza kuwa mchache kuliko wenzake, ndiye anayebeba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria. Jambo la namna hiyo hulijui kwa kukaa maktaba ya Ulaya peke yake.

7. Si lazima uanze na ndege

Taasisi ya Afya Ifakara na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha zimeshirikiana kutoa shahada ya uzamili ya utafiti wa afya ya jamii hapahapa nchini. Kwa mwanafunzi ambaye GPA yake ya shahada ya kwanza haikumridhisha, uzamili mzuri wa nyumbani wenye makala iliyochapishwa unaweza kufungua mlango uliokuwa umefungwa. Kusoma nyumbani kwanza ni hatua ya safari hiyohiyo.

8. Kila mfadhili anatafuta mtu wake

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa: barua moja inatumwa kila mahali. Chevening ya Uingereza, iliyoanza mwaka 1983, inalipia uzamili wa mwaka mmoja, inataka saa 2,800 za uzoefu wa kazi, sawa na miaka miwili hivi, na inakutaka urudi nchini kwako kwa angalau miaka miwili. Kwa kawaida dirisha lake hufunguliwa Agosti, zaidi ya mwaka mzima kabla ya masomo kuanza. Erasmus Mundus ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza mwaka 2004, inakusomesha katika nchi mbili au zaidi, na aliye mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba. Mpango wa Jumuiya ya Madola ulianzishwa mwaka 1959 na unatazama hasa manufaa ya masomo yako kwa maendeleo ya nchi yako. Soma masharti ya kila mmoja mpaka mwisho kabla ya kuandika sentensi ya kwanza.

9. Kusoma bila ada hakumaanishi kusoma bila fedha

Vyuo vikuu vingi vya umma Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu 2017 linawatoza wageni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Hata pasipo ada, ubalozi unataka uthibitisho kwamba utaweza kujikimu: mwaka 2024 kiwango cha akaunti maalumu kiliwekwa euro 11,904 kwa mwaka. Mwenye barua ya skolashipu inayotosheleza huitumia barua hiyo badala ya akaunti. Kwa upande wa mitihani ya Kiingereza, matokeo ya IELTS na TOEFL hutambuliwa kwa miaka miwili, kwa hiyo usifanye mtihani mapema mno. Uliza kwanza kama chuo unachoomba kinakubali barua ya chuo chako inayothibitisha kuwa ulisoma kwa Kiingereza. Vipo vinavyokubali, na barua hiyo inakuokolea fedha nyingi.

10. Karatasi za nyumbani ndizo huchelewesha wengi

Cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA na pasipoti viwe na majina yaleyale, herufi kwa herufi. Ukiona tofauti, irekebishe sasa, kwa sababu kurekebisha huchukua muda ambao dirisha la maombi halikupi. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki inadumu miaka kumi na ada yake ni shilingi 150,000. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, ndiyo inayotoa cheti cha kutokuwa na pingamizi kwa Watanzania wanaokwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua shahada yako ukirudi. Uliza TCU juu ya chuo unachokitaka kabla hujalipa chochote. Kumbuka pia kwamba Chevening haitozi ada ya kuomba. Anayekutaka umtumie fedha ili "upite kwenye usaili" ni tapeli, hata akijiita wakala.

Neno kwa msomaji

Ukiyatazama mambo haya kwa pamoja utaona kitu kimoja: waliotoka bonde hili wakafika mbali walikwenda na swali la nyumbani. Walijua mbu wa kijiji fulani, reli inayohitaji fundi, wodi isiyo na daktari. Kamati ya skolashipu husoma maelfu ya barua zinazosema mwombaji "ana ndoto ya kusaidia jamii." Barua inayoeleza kwa nini watoto wa kata moja ya Mlimba wanaugua, na ni kozi gani itamsaidia mwandishi kulitatua tatizo hilo, hujitenga na nyingine mara moja.

Basi wiki hii fanya mambo matatu. Linganisha majina kwenye vyeti vyako. Mwendee mwalimu anayeijua kazi yako umwombe akuandikie barua ya kukupendekeza, na umpe muda wa kutosha. Kisha andika ukurasa mmoja juu ya tatizo la Kilombero unalolifahamu kuliko mtu wa Basel au London. Ukurasa huo ndio mwanzo wa maombi yako.